Laini Hii Ni ya Nani? Jina la Simu na Pesa ya Biashara Yako

 

Mwezi huu, katika ukurasa wetu wa biashara ndogo ndogo, tunauliza swali moja fupi. Laini ya simu unayofanyia biashara iko kwa jina la nani?

Hatuulizi simu ni ya nani. Simu wewe uliinunua, tunajua. Tunauliza ile kadi ndogo iliyo ndani yake, ile yenye namba yako na pesa yako. Katika darasa letu la jioni la watu wazima tuliuliza swali hilohilo, tukaomba kila mtu ambaye laini iko kwa jina lake ainue mkono. Mikono iliyoinuka ilikuwa michache. Wengine walicheka. Mmoja akasema, "Mwalimu, ya kwangu iko kwa jina la mtu hata sura yake nimeisha kusahau." Watu wakacheka tena, lakini sisi tuliona hapo kuna jambo la kuandikia.

JINSI TULIVYOFIKA HAPA

Tuseme ukweli, hakuna aliyefanya hivyo kwa kupenda. Huduma ya pesa ya simu, ile tunayoita mobaili mani, ilianza hapa Uganda mwaka 2009. Mwaka 2012 serikali ikaanza kuagiza kila laini iandikishwe kwa jina la mwenyewe. Mkimbizi aliyefika na nguo za mwilini tu alikuwa hana karatasi ya kuonesha. Sasa afanye nini? Alikuwa anatafuta jirani mwenyeji, au mwenzake aliyetangulia kupata kitambulisho, anamwomba, "Kaka, niandikishie laini kwa jina lako." Wengine walinunua barabarani laini iliyokwisha kuandikishwa, bila kujua hata ni jina gani liko ndani.

Tena iko njia nyingine, na hii tunaijua sana sisi watu wa kambi. Ndugu amepata safari ya kwenda Marekani au Canada. Siku ya kuondoka anagawa vitu: godoro kwa huyu, sufuria kwa yule, na laini yake anamwachia dada yake. Dada anaitumia miaka na miaka. Wateja wote wanaijua namba hiyo. Lakini katika kompyuta ya kampuni, mwenye laini yuko ng'ambo ya bahari.

Wako pia akina mama ambao laini iko kwa jina la mume. Wanapoishi pamoja hakuna tatizo. Baba akirudi Congo kutafuta ndugu, au akienda kutafuta kazi mbali, au Mungu akimchukua, mama anabaki na duka ambalo sanduku lake la pesa lina ufunguo wa mtu mwingine.

MAMBO YALIYOMPATA MAMA MMOJA

Tunaeleza habari hii kwa ruhusa yake, ila jina hatutaji. Ni mama muuza sabuni, mafuta na samaki. Yeye ndiye mweka hazina wa likelemba ya wamama 12. Kila wiki kila mmoja anatoa shilingi 20,000 na pesa yote inakwenda kwa mmoja. Ili pesa isilale nyumbani, wamama walikubaliana waitume kwenye simu ya mweka hazina, naye siku ya zamu aitoe.

Siku moja sokoni simu ikaibwa. Mama hakuogopa sana, kwa sababu mwizi hakuwa na namba ya siri. Alijua kwamba pesa haikai ndani ya simu, inakaa kwenye hesabu ya kampuni, na kwamba laini ikipotea unaweza kupewa nyingine yenye namba ileile. Hayo yote ni kweli. Akachukua boda boda mpaka kwenye duka la huduma. Yule binti wa pale akamwuliza namba, akaandika katika kompyuta, akamwuliza, "Mama, jina lako nani?" Mama akataja. Binti akatikisa kichwa. "Laini hii siyo yako. Mlete mwenyewe, na kitambulisho chake."

Ndani ya laini hiyo kulikuwa na shilingi 240,000 za wamama 12, na 85,000 za mtaji wake mwenyewe.

Kijana aliyemwandikishia miaka ya nyuma alikuwa amehamia Kampala. Hakuwa mtu mbaya, na hilo tunataka mlisikie vizuri. Alipopatikana kwa njia ya ndugu zake alikubali mara moja kusaidia. Lakini alikuwa amepata kazi ya kujenga na bosi hakumpa ruhusa. Halafu kitambulisho chake mwenyewe kilikuwa kimepotea, akaanza kwanza kutafuta kingine. Ikapita wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mama wa zamu alikuwa ametegemea pesa hiyo alipe ada ya mtoto. Wamama wakaanza kunong'ona: "Kweli simu iliibwa? Au amekula pesa yetu?" Wakati huo wote mama hakuweza kuagiza mzigo, na wateja waliokuwa wakipiga namba yake walikuta haipatikani, wakaenda meza ya pili.

Mwisho kijana akaja, laini ikarudishwa, pesa ikakutwa yote. Mama alimlipia nauli ya kuja na kurudi, na siku za kazi alizokosa. Wamama walipewa pesa zao. Lakini wawili walitoka katika likelemba na hawajarudi.

Ona sasa. Kampuni ilifuata kanuni yake, na kijana alikuwa mwaminifu. Mwizi mwenyewe hakupata hata shilingi moja ya simu. Hata hivyo mama alipoteza wiki tatu za biashara na imani ya watu wawili. Sababu ni moja tu: jina.

KWA NINI JINA NDILO MWENYE PESA

Watu wengi wanafikiri namba ya siri ndiyo inayoonesha mwenye pesa. Siyo hivyo. Namba ya siri ni ufunguo wa mlango, lakini jina ndiyo hati ya nyumba. Siku zote ambazo mambo ni mazuri, ufunguo unatosha. Siku ya matatizo watakuomba hati.

Na siku za matatizo ni nyingi kuliko tunavyofikiri. Simu imeibwa au imeanguka majini. Umesahau namba ya siri. Umetuma pesa kwa namba isiyo sahihi na unataka kampuni ikusaidie kuirudisha. Laini imekaa muda mrefu bila kutumika, imefungwa. Katika mambo haya yote utaulizwa jina na kitambulisho.

Kuna na faida ya upande wa wateja. Mtu anapokutumia pesa, kabla ya kuthibitisha, simu yake inamwonesha jina la anayepokea. Kama mteja wa Mbarara anakujua kwa jina lako, halafu anaona jina la mtu mwingine kabisa, atasita. Atasema huyu anataka kuniibia. Lakini akiona jina lako mwenyewe, anajua pesa inafika mahali pake. Jina lako likionekana hapo ni kama kibao juu ya duka lako, na hulilipii.

Tena ukitumia laini kwa uaminifu miaka mingi, kampuni nyingine zinakupa nafasi ya kuweka akiba na kukopa kidogo kwa njia ya simu. Sifa hiyo njema inaandikwa kwa jina lililoandikishwa. Kama jina siyo lako, unamjengea mwingine sifa. Na wewe unayeachia watu jina lako ujue hivi: mtu akikopa asilipe, au akidanganya watu kwa laini hiyo, wa kwanza kutafutwa ni wewe.

JE, MKIMBIZI ANARUHUSIWA?

Ndiyo, anaruhusiwa. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi na biashara. Na kwa upande wa laini, mwaka 2019 Tume ya Mawasiliano ya Uganda, UCC, iliziruhusu kampuni za simu kuwaandikisha wakimbizi kwa karatasi zinazotolewa na Ofisi ya Waziri Mkuu, OPM: kitambulisho cha mkimbizi, au ile barua ya familia ambayo sote tunaiita atestesheni. Kwa hiyo ile sababu ya zamani, kwamba hatuna karatasi ya kuonesha, kwa wengi wetu imeisha. Iliyobaki ni mazoea.

NAMNA YA KUJUA JINA LILILO KWENYE LAINI YAKO

Njia rahisi ni hii. Mwombe mtu unayemwamini, ambaye yuko kwenye kampuni moja na wewe, aanze kukutumia shilingi 500. Kwa MTN anabonyeza *165#, kwa Airtel anabonyeza *185#. Akisha kuweka namba yako na kiasi, simu yake itamwonesha jina kabla hajaweka namba ya siri. Asome jina, halafu aache hapo. Hajatuma chochote na hakuna kilichokatwa.

Kama jina ni lako, soma tena herufi kwa herufi. Majina yetu yanaandikwa vibaya mara nyingi. Herufi R inageuka L, jina la baba linatangulia jina lako, au jina la ubatizo limeachwa. Kama jina la laini halifanani na la kitambulisho, nenda ulisahihishe sasa, siku ambayo huna shida, usingoje siku ya shida.

KAMA JINA SIYO LAKO, FANYA HIVI

Kwanza, usiweke tena pesa nyingi pale. Ile iliyomo itoe kidogo kidogo kwa matumizi ya duka, au itume kwenye laini ya mtu wa nyumba yako ambayo ina jina lake la kweli. Kumbuka kwamba kutoa pesa kuna ada ya kampuni na kodi ya serikali, kwa hiyo soma bango la bei kwa wakala kabla ya kupanga.

Pili, kama mwenye jina yuko karibu, mwombe mwende pamoja kwenye duka la huduma, kila mmoja na kitambulisho chake. Mweleze mhudumu kwamba mnataka laini ihamishwe kutoka jina lake kuja jina lako. Hivyo utabaki na namba ileile ambayo wateja wanaijua. Huyo ndugu mshukuru. Alikusaidia wakati huna karatasi.

Tatu, kama mwenye jina yuko mbali au hapatikani, nunua laini mpya uiandikishe kwa kitambulisho au atestesheni yako. Simu nyingi za siku hizi, hata zile ndogo za vitufe, zina mahali pa laini mbili. Weka zote mbili kwa mwezi mmoja au miwili. Kila mteja anayepiga ile ya zamani, mpe mpya. Andika namba mpya kwenye ubao wa duka kwa herufi kubwa. Pesa zote zipokelewe kwenye mpya. Wateja wakisha kuizoea, ya zamani utaiacha bila hasara.

Nne, ukiandikishwa, usiondoke hapo mpaka umesoma jina kwenye kioo cha mhudumu. Usimkubali mtu anayekwambia, "Niachie kitambulisho, nitakuandikishia, utakichukua kesho." Kitambulisho chako kinaweza kuandikisha laini nyingine usizozijua. Subiri pale pale.

Kama tarehe ya kitambulisho imepita, anzia OPM kukitengeneza upya.

LINDA LAINI KAMA UNAVYOLINDA MTAJI

Kupata jina ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni haya, na yote hayana gharama.

Mahali pa kuchaji. Wengi wetu tunaacha simu kwa mwenye sola asubuhi na kuichukua jioni. Ni vizuri, lakini toa laini kabla ya kuacha simu, uifunge katika kikaratasi, uiweke mfukoni. Betri inachajiwa hata bila laini. Fanya hivyohivyo unapompelekea fundi. Kama simu yako ina kadi ya kumbukumbu yenye picha za familia, itoe pia. Mwenye sola ni mtu mzuri, lakini mezani pake simu 40 zinapita mikononi mwa watu wengi.

Kufuli ya laini. Mbali na namba ya siri ya pesa, laini yenyewe inaweza kufungwa kwa namba nyingine, ili mwizi akiihamishia kwenye simu yake isifanye kazi. Inapatikana kwenye mipangilio ya simu, upande wa usalama. Lakini angalia: ukikosea namba hiyo mara tatu, laini inajifunga na kuomba namba ndefu ya tarakimu 8, inayoitwa PUK. Hiyo imeandikwa kwenye kile kipande cha plastiki ulichobandua laini siku ya kwanza. Watu wengi wanakitupa. Usikitupe, kiweke pamoja na atestesheni. Ukikosea PUK mara kumi, laini imekufa.

Namba ya siri. Isiwe mwaka wa kuzaliwa, wala 12345. Usimwambie wakala aiandike kwa ajili yako, hata kama kuna foleni. Tunajua wako wazazi ambao hawakupata bahati ya shule. Mzazi, huhitaji kusoma barua ili kujua tarakimu. Mtoto anaweza kukusomea maneno kwenye kioo, lakini wakati wa namba ya siri atazame pembeni, na kidole kiwe chako. Asiyejua tarakimu aje kwenye darasa la jioni. Wamama wengi walizijua zote kumi ndani ya wiki mbili.

Meseji za uongo. Mteja anachukua mzigo, anasema, "Mama, nimeisha kutuma, angalia simu." Unaangalia, kweli kuna meseji inayosema umepokea 50,000. Usitoe mzigo bado. Mtu yeyote anaweza kuandika meseji kama hiyo na kuituma kutoka namba ya kawaida. Bonyeza *165# au *185# uangalie salio lako lenyewe. Kama salio halikupanda, pesa haikuingia. Mwambie mteja kwa heshima, "Baba, tungoje kidogo ifike." Mteja wa kweli atangoja. Mwongo atakumbuka kwamba ana haraka.

Ndugu wa meseji hiyo ni simu ya mtu anayelia: "Dada, nimekosea kutuma pesa kwako, tafadhali nirudishie." Angalia salio kwanza. Kama hakuna kilichoingia, ni uongo. Kama kimeingia kweli, usirudishe mwenyewe, mwambie apige 100, kampuni itapanga mambo. Na kampuni yenyewe haitakupigia kamwe kukuomba namba ya siri.

Wenye WhatsApp. Siku hizi wauza vitenge na viatu wanatuma picha za mzigo kwa WhatsApp, na ni njia nzuri. Lakini WhatsApp nayo imeshikamana na namba ya laini. Mtu akikuomba umsomee tarakimu sita zilizoingia kwa meseji, hata kama ni kwa jina la rafiki, usimpe. Akizipata ataingia katika WhatsApp yako na kuomba wateja wako pesa kwa jina lako. Fungua mipangilio, upande wa akaunti, uweke ulinzi wa hatua mbili.

DAFTARI HALIIBWI KAMA SIMU

Mama tuliyemtaja hapo juu aliokolewa na kitu kimoja: daftari. Wamama waliponong'ona, alifungua daftari akawaonesha kila shilingi iliyoingia, siku gani, kutoka kwa nani. Bila hilo likelemba yote ingekufa.

Nunua daftari la kurasa 48. Kila jioni, kabla ya chakula, andika mambo manne tu: tarehe, jina la mtu, kiasi, na namba ya muamala. Namba ya muamala ni ile ndefu iliyo kwenye meseji ya kila pesa inayoingia au kutoka. Ukiwa nayo, kampuni inaweza kufuatilia pesa yako hata kama meseji zote zimepotea. Kwenye ukurasa wa mwisho andika namba za wateja wakubwa, za mwenye mzigo wa Mbarara, na za watu wa nyumbani. Bonyeza pia *#06# kwenye simu yako. Itatokea namba ya tarakimu 15, ambayo ni namba ya simu yenyewe. Iandike hapo. Polisi wataihitaji ikiibwa.

Kwa vikundi vya akiba tunaongeza neno. Pesa ya watu 12 isilale siku nyingi kwenye laini ya mtu mmoja. Ipokelewe na itolewe siku ileile ya zamu, mbele ya wenzake wawili. Na mkichagua mweka hazina, kabla ya kuuliza kama ni mwaminifu, muulize pia laini yake ina jina la nani.

IKIPOTEA LEO, UFANYE NINI?

Usilale nayo hivyo. Azima simu ya jirani, piga 100, uombe laini ifungwe mara moja. MTN na Airtel zote mbili wanatumia namba hiyo, lakini piga ukiwa kwenye laini ya kampuni yako. Kesho asubuhi nenda polisi kutoa taarifa na uombe karatasi, kwa sababu unaweza kuulizwa. Halafu nenda duka la huduma na kitambulisho chako. Waambie mapema watu wa likelemba na wateja wakubwa, wasikie kutoka kinywani mwako kabla hawajasikia kwa wengine. Kama laini ina jina lako, kwa kawaida utarudi kazini haraka. Kama haina, umesoma habari ya wiki tatu.

TUNAWAOMBA HIVI

Kabla ya gazeti la mwezi ujao, kila nyumba ifanye kitu kimoja jioni moja baada ya chakula. Baba, mama na vijana wakubwa waweke simu zote mkekani, waangalie kila laini ina jina la nani, na waandike kwenye daftari. Muulizane pia: kama mmoja wetu akisafiri au akiugua, nani ataendelea na duka, na kwa laini ipi? Ni mazungumzo ya nusu saa. Wengi wetu tulitoka nyumbani bila hati za shamba wala za nyumba, na tunajua uchungu wa kusema "ni yangu" bila karatasi ya kuonesha. Hii ya laini tunaweza kuwa nayo.

Mwenye swali atukute darasani, Jumanne na Alhamisi jioni. Aje na simu yake na kitambulisho. Tunasaidia bila malipo, na namba yako ya siri hatutakuuliza.



Walimu wa kujitolea, darasa la jioni la watu wazima